Makelele, Tino na zamu ya baba

Wanaiita drafti, lakini haina ubao wala vizibo vya soda. Ni mchezo wa kugawana wachezaji wa zamani. Kila mtu anachagua kwa zamu, jina lililochukuliwa halichukuliwi tena, na mwisho kila mmoja anabaki na kikosi cha watu kumi na mmoja ambacho lazima akitetee kwa maneno. Hakuna mechi inayochezwa. Mechi ni ubishi wenyewe.

Katika familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, wanaocheza ni watatu: baba, kijana wake wa kidato cha tatu na binti wa darasa la saba. Baba ni dereva wa lori linalopeleka mizigo Lubumbashi. Anakaa nyumbani siku nne au tano, kisha anaondoka wiki tatu, wakati mwingine zaidi, kwa sababu foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, haina ratiba. Mchezo ulianzia huko, baba akiwa amekwama siku tisa na hana cha kufanya ila kunywa chai na kutuma ujumbe wa sauti nyumbani.

Kabla ya hapo simu za kijana na baba yake zilikuwa zinakwisha upesi. Shikamoo baba, marahaba, shule vipi, nzuri, haya mpe mama yako. Mzazi anayefanya kazi mbali anaijua simu ya namba hiyo. Inamaliza bando na haimwachii mtu kitu.

Usiku ule baba, kwa kukosa la kusema, alimuuliza kijana: ukipewa mchezaji mmoja tu wa zamani wa kuanzia timu, unamchukua nani? Kijana akasema Maradona. Binti, ambaye hakuulizwa, akadakia: "Mimi Maldini." Simu ile ilikwenda karibu saa nzima.

Sheria zilikuja polepole. Anayecheza bado hachaguliwi, hata awe Messi. Mchezaji anahesabiwa kwa msimu wake bora, si kwa uzee wake. Zamu inakwenda kama nyoka: aliyechagua wa kwanza katika raundi ya kwanza anakuwa wa mwisho katika raundi ya pili. Kwa watu watatu maana yake ni kwamba wa kwanza anapata chaguo la 1, kisha anasubiri hadi la 6. Wa tatu anapata la 3 na la 4 papo hapo. Kijana hupenda kuwa wa kwanza ili amkamate Pelé au Maradona. Binti anataka kuwa wa tatu, na ana hesabu yake: anayechagua wawili mfululizo anaweza kuchukua jozi kabla mtu hajaitenganisha.

Mama alianza kwa wasiwasi. Alikuwa anasikia "nimemchukua", "umechelewa", "raundi ya nne", na mtaani kwao vijana wa rika hilo wanashinda wakilinganisha mikeka ya kubeti. Siku moja aliomba simu ya kijana akaipitia yote. Hakukuta mkeka, alikuta orodha ya majina ya watu waliostaafu. Akaweka sharti moja: pesa isiingie humo, hata ya soda. Watoto nao wakamwekea lake: kwa kuwa hana timu na hajui mpira, awe jaji. Mama ni mshonaji. Anasikiliza huku mashine inakwenda, na kikosi kisichoelezeka kwake kinashindwa, kiwe na nani ndani.

Sharti hilo la jaji asiyejua mpira ndilo lililoupandisha mchezo daraja. Kutaja majina makubwa ni kazi rahisi. Kumweleza mtu anayepiga cherehani kwa nini watu wawili wazuri wanaweza kuharibiana, hapo inabidi ujue unachosema.

Jumamosi moja binti alimchukua Xavi na Iniesta mfululizo. Hakuna aliyeweza kuwapinga kama jozi: wamelelewa klabu moja, Barcelona, na wamebeba pamoja ubingwa wa Ulaya wa 2008, Kombe la Dunia la 2010 na Ulaya tena 2012. Kijana hakuwapinga. Aliuliza tu nani yuko nyuma yao. Mwaka 2008 alikuwepo Marcos Senna, 2010 walikuwepo Busquets na Xabi Alonso. Binti alikuwa amemlenga Makelele kwa kazi hiyo, akidhani jina lisilo na mabao litamsubiri hadi raundi ya tano au ya sita. Kijana akamchukua raundi ya nne.

"Makelele yenyewe mmezidi humu ndani," mama akasema, na ilibidi aelezwe kwamba safari hii ni mtu, Claude Makélélé, Mfaransa aliyezaliwa Kinshasa. Baba ndiye aliyemweleza, kutoka Tunduma. Real Madrid ilimuuza kwa Chelsea mwaka 2003, kiangazi kile kile ilichomnunua Beckham. Madrid, iliyokuwa imetoka kutwaa ligi, haikuutwaa tena ubingwa huo hadi 2007. Chelsea ikachukua ligi ya Uingereza mara mbili mfululizo, na katika msimu wa 2004/05 ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38. Mama aliuliza huyo Makelele alifunga mangapi. Akaambiwa karibu hakufunga. Alionekana kumpenda.

Watoto wawili hawakulala mapema usiku huo. Je, kumchukua mtu ili tu mwenzako amkose ni mbinu au ni roho mbaya? Binti alisema ni roho mbaya. Kijana akasema hapana, alimhitaji, kwa sababu raundi ya pili na ya tatu alikuwa ameshawachukua Gerrard na Lampard, na kila mtu anajua Uingereza iliwaweka pamoja miaka na miaka wakakanyagana. Wote wawili walitaka kupanda, wote walitaka kupiga mashuti kutoka nje ya boksi, na pengo lilibaki nyuma yao. Lampard wa Chelsea, aliyekuwa na Makelele mgongoni, alikuwa mtu mwingine. Utetezi huo ulikuwa mzuri kuliko kikosi chenyewe.

Baba hupenda kuwapa mifano ya kabla hawajazaliwa. Kuhusu wachezaji wawili wa kazi moja, kesi yake ni Italia ya 1970. Walikuwa na Sandro Mazzola wa Inter na Gianni Rivera wa Milan, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa Mpira wa Dhahabu. Kocha Valcareggi hakuona namna ya kuwapanga pamoja, akawa anamwanzisha Mazzola na kumwingiza Rivera kipindi cha pili. Fainali dhidi ya Brazil, Rivera aliingia zikiwa zimebaki dakika sita, Italia ikiwa imeshapotea. Ikaisha 4-1.

"Lakini hao Brazil walipanga namba kumi wanne au watano," kijana akajibu, "Pelé, Tostão, Rivellino, Gérson, na Jairzinho pembeni. Mbona wao hawakukanyagana?"

Swali hilo lilimkuta baba akitafuta pa kuegesha. Alilijibu baada ya dakika arobaini, kwa ujumbe wa sauti wenye honi nyingi ndani yake. Hawakukanyagana kwa sababu kuna waliokubali kuhama. Tostão akaenda kucheza mbele kabisa, mgongo golini, akiwafungulia wenzake njia. Rivellino akasogezwa kushoto. Gérson akabaki chini kupiga pasi ndefu, na Clodoaldo akawa karibu naye kuziba. Walikuwa na vipaji vinavyofanana lakini wakakubali vituo tofauti. Italia haikumwomba Mazzola wala Rivera ahame. Inawezekana kuibishia hukumu hiyo ya baba, maana Italia ya 1970 ilifika fainali na haikuwa timu ya mchezo. Kwenye drafti, hata hivyo, ndiyo hoja inayoshinda mara nyingi: ukichukua jozi, sema nani kati yao anahama.

Binti naye aliwahi kubanwa. Alikuwa na Baresi na Maldini, akaamini ubishi umekwisha. Baba akamkumbusha fainali ya Athens ya mwaka 1994, Milan dhidi ya Barcelona ya Cruyff. Baresi hakucheza, Costacurta hakucheza, wote wana adhabu. Maldini akahamishiwa katikati na Filippo Galli. Milan ikashinda 4-0. Sasa, ukimchagua Baresi, unachukua mtu au unachukua mazoezi ya miaka ya ukuta mzima? Binti alisema anachukua mtu, mazoezi atampa yeye. Mama akampa ushindi kwa jibu hilo.

Likizo ya Juni mambo yaliharibika, na si kwa sababu ya mpira. Kijana alimwambia mama yake kwamba akimaliza kidato cha nne hataki kuendelea. Anataka kuwa utingo kwenye lori la baba, ajifunze gari, apate leseni. Baba alipoambiwa alipiga simu usiku huohuo. Alisema ameendesha miaka kumi na minane ili mwanawe asiendeshe. Kijana akauliza ni kazi mbaya kiasi gani hiyo iliyowalisha wote. Simu ilikatwa, na aliyeikata hakuwa kijana.

Wiki nzima hawakusemezana. Jumamosi, saa mbili usiku, kijana aliandika kwenye kundi la familia mpangilio wa zamu: mimi wa kwanza, baba wa pili, dada wa tatu. Hakuweka shikamoo. Baba akajibu kwa jina moja: Beckenbauer.

Walicheza raundi zote kumi na moja, na mtu asiyewafahamu angedhani ni usiku kama usiku mwingine. Kijana alikuwa na Cafu kulia na Roberto Carlos kushoto, mabeki wawili wanaopenda kushambulia kuliko mawinga wengine. Binti alimwambia Brazil ya 2002 iliweza hilo kwa kuwaweka nyuma watatu, Lúcio, Edmílson na Roque Júnior, na Gilberto Silva mbele yao. Yeye amepanga mabeki wanne tu. Mama alisimamisha mashine.

"Hebu nieleweshe. Hawa wote wakipanda, nyumbani anabaki nani?"

"Anabaki Makelele," kijana akasema.

Upande wa baba kulikuwa kimya, ila injini ilisikika. Kisha akasema mtandao unakatika, waendelee. Mtandao ulikuwa haukatiki.

Katika kila drafti chaguo la mwisho la baba huwa la nyumbani. Siku nyingine Sunday Manara, siku nyingine Leodegar Tenga, siku nyingine Abdallah Kibadeni aliyewafunga Yanga mabao matatu Simba iliposhinda 6-0 mwaka 1977. Mara nyingi zaidi huwa Peter Tino. Watoto humpa hasara kwa hilo. Hakuna video ya kutosha, wanasema, utampimaje mtu usiyemwona? Baba mwenyewe hakumwona. Alimrithi kutoka kwa babu yao, aliyekuwa ameinamia redio mwaka 1979 Tanzania ilipokwenda Ndola kutafuta sare dhidi ya Zambia, na Tino akafunga. Ilikwisha 1-1, na timu ikaenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980. Taifa Stars haikurudi kwenye fainali hizo hadi 2019. Babu aliisimulia miaka yote hiyo, mpaka mjukuu akawa anamsahihisha akikosea.

Mwezi Agosti lori lilisimama Ndola kubadili tairi. Zamu ya kwanza ya drafti ilikuwa ya kijana. Pelé alikuwa hajachukuliwa, wala Maradona, wala Cruyff. Kijana aliandika: Tino.

Binti aliuliza kama kaka yake anaumwa. Alama mbili za bluu zilionyesha kwamba baba amesoma, lakini zamu yake ikapita dakika kumi bila jina. Kisha ikaja picha: barabara yenye vumbi, kibao chenye jina la mji, na nusu ya tairi la lori. Chini yake baba aliandika kwamba ameibiwa mchana kweupe, na kwamba suala la utingo watalizungumza akirudi, wakiwa wamekaa, si kwenye simu. Bado anakataa, aliongeza, asije akadhani.

Halafu akamchukua Cruyff.

Mama, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa anakunja, alitaka kujua huyo Tino atapangwa na nani pale mbele, na kijana akaanza kueleza.