Kumpima Aliye Kimya

Msomaji kijana, nakuomba usikilize kwanza kisa cha kosa langu, kisha nitakupeleka mbali kuliko nyota zote uzionazo kwa macho.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha fizikia, nilikuwa na kipimo kimoja tu cha kujua nani amefahamu somo: nilitazama mikono iliyoinuliwa. Msichana mmoja aliyeketi nyuma hakuinua mkono muhula mzima, nami nikaandika katika ripoti yake kwamba hafahamu. Baba yake, ambaye karo aliipata kwa taabu, alikuja shuleni na ripoti ile mkononi, akaniuliza kama yafaa aendelee kumlipia. Kabla ya kujibu niliomba daftari la mtoto. Hesabu zote zilikuwa sahihi, hata za kurasa ambazo darasa lilikuwa halijazifikia. Nilimtaka radhi mzee, nikamtaka radhi na bintiye. Binti akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nilikuwa nikisikiliza."

Nilimkumbuka siku niliposoma jinsi wataalamu wa nyota wanavyopima gesi katika galaksi zilizo jirani na yetu. Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi baridi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni molekuli za haidrojeni. Atakaye kujua galaksi ina akiba gani ya kuzalia nyota, sharti aipime. Lakini molekuli ya haidrojeni ina atomu mbili zilizo sawa kabisa, na katika baridi ya mawingu hayo, yapata nyuzi 260 chini ya sufuri, haitoi mawimbi ya kutosha kunaswa. Ipo tele, nayo iko kimya.

Hapo wataalamu walimwendea jirani yake: kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu walalao na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Molekuli hii huzunguka, na ipunguzapo mzunguko wake hutoa wimbi la redio lenye urefu wa milimita 2.6. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walilinasa wimbi hilo kutoka wingu la Orion, kwa darubini ya redio iliyokuwa Kitt Peak, Arizona, nchini Marekani. Katika vipimo huonekana kama mstari: nguvu yake hutujulisha wingi wa gesi, na kuhama kwake hutujulisha mwendo wa gesi. Mwaka 1975 habari zilitangazwa za mstari huo katika galaksi nyingine, ikiwamo M82. Katika galaksi yetu, kila molekuli moja ya kaboni monoksidi huandamana na molekuli za haidrojeni zipatazo elfu kumi. Basi hupimwa kilicho kichache, kikakadiriwa kilicho kingi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Hata hivyo, tazama Wingu Dogo la Magellan, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 200,000. Kaboni, oksijeni na vumbi ni haba huko. Mwanga mkali wa nyota changa hupenya mawingu na kuivunja kaboni monoksidi, hali haidrojeni hujikinga vema zaidi. Mstari huwa hafifu, na mwenye kutumia uwiano wa galaksi yetu angesema kwamba gesi ni kidogo, kumbe ipo. Kwa hiyo wataalamu hubadili uwiano, tena hutafuta mashahidi wengine, kama vile mng'ao wa vumbi lenyewe.

Mimi nami sikuacha kutazama mikono, maana ni dalili njema. Ila sasa hupita kati ya madawati, nikafungua madaftari, hasa ya wale wasiosema. Nawe, kijana, utakapopewa kazi ya kupima kitu au mtu, jiulize kwanza dalili unayoitumia ni ipi, na ni wapi inaponyamaza ingawa kitu chenyewe kipo.