Kalamu Zangu Kuukuu

Walimu wenzangu, na ninyi nyote msomao gazeti hili, leo nataka kuwapa habari za jambo dogo, nami nawaomba msilidharau kwa udogo wake.

Nyumbani kwangu liko kopo la biskuti, na ndani yake zimo kalamu 23 za wino, zote kuukuu. Hapana hata moja niliyoinunua kwa zaidi ya shilingi 5,000. Nyingine nalizipata mnadani, zimechanganyika na misumari na funguo zisizo na kufuli. Nyingine nalipewa na wazee waliokuwa makarani na walimu, ambao sasa hawaandiki tena. Nyingi zilikuwa zimekwisha kufa nilipozipokea. Kazi yangu ya jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, ni kuzifufua, na pengine kuzigeuza ncha zake ziandike kama nipendavyo. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza, akasema, "Bwana, biki huuzwa dukani kwa shilingi mia chache, nawe wahangaika na mavumbi haya. Faida yake nini?" Nikakawia kumjibu, maana jibu langu lina majuto ndani yake. Leo nitamjibu mbele yenu.

Kwanza yafaa tujue kalamu hizi ni kitu gani. Neno lenyewe, kalamu, limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni tete. Wazee wa pwani walichonga tete kwa kisu, wakaikata ncha yake iwe bapa, ndipo mstari mmoja ukawa mnene na mwingine mwembamba. Kwa kalamu za namna hiyo zilinakiliwa zile Kurani za Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19. Halafu zikaja nibu za chuma za kuchovya. Ninyi mnaofundisha katika shule za zamani mnayajua madawati yenye tundu pembeni. Watoto wa leo hutia humo vifutio vyao, wala hawajui ya kuwa tundu lile lilikuwa makao ya kidau cha wino.

Mwaka 1884, huko New York, Lewis Waterman alipata hati ya kalamu yake ichukuayo wino tumboni. Siri yake i katika ule ulimi ulio chini ya nibu. Una vijifereji vyembamba, na kadiri wino ushukavyo, hewa hupanda mahali pake, hata wino usitoke kwa ghafula ukaharibu karatasi. Mwaka 1908 Walter Sheaffer, mtu wa Iowa, naye akapata hati ya kishikio kidogo cha ubavuni. Kishikio hicho kikiinuliwa hubana mfuko wa mpira ulio ndani. Kikiachwa, mfuko huvuta wino wenyewe ukajaa. Kwa miaka mingi watu waliandika hivyo. Walakini mwaka 1938 László Bíró, Mhungaria, akapata hati ya kalamu yenye kigololi nchani, na mwaka 1950 huko Ufaransa zikatoka Bic, ambazo kila mtu aliweza kuzinunua. Ndipo kalamu za wino zikaingia masandukuni, na ndiyo sababu mtu wa mshahara mdogo kama mimi aweza kuzikusanya.

Sasa nije kwenye kalamu iliyonianzisha, ambayo ni ya marehemu baba.

Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge katika wilaya ya Korogwe. Kila mwisho wa mwezi alileta nyumbani daftari la mishahara, akaketi mezani kwa taa ya chemli, akaandika majina ya wakata mkonge, na siku zao za kazi, na fedha zao, hata usiku wa manane. Kalamu yake aliinunua Tanga mwaka 1969. Ni nyeusi, na ubavuni imechorwa jina Osmiroid 65, kazi ya kampuni ya E. S. Perry ya Gosport, kusini mwa Uingereza. Haikuwa kalamu ya fahari. Huko kwao watoto wa shule waliitumia kujifunza mwandiko. Baba aliandika kwayo zaidi ya miaka thelathini. Alifariki mwaka 2009, nayo ikakaa katika sanduku la mama, pamoja na miwani yake.

Mwaka 2016 nalimwomba mama, akanipa. Nikakiinua kile kishikio, nikasikia mfuko wa mpira unavunjika ndani kama ganda la yai. Mpira wa namna ile ukikaa miaka mingi na wino hukauka, wala hauna dawa ila kuutoa na kutia mwingine. Nalijaribu mpira wa manati, lakini ulikuwa mnene mno, kishikio hakikuweza kuubana. Baada ya miezi minne rafiki yangu mmoja aliyesafiri aliniletea mfuko wenyewe, ulio mwembamba. Nikaushika mwili wa kalamu viganjani mpaka ukapata joto, nikazungusha polepole, shingo ikatoka. Nikakwangua mabaki, nikaugundisha mfuko mpya kwa shelaki, ile maseremala wanayoipaka samani zing'ae, nikaunyunyizia poda ili usishikamane na kuta za ndani, nikauacha siku nzima ukauke. Kesho yake nikatia wino wa buluu, na kalamu ikaandika. Nalifurahi kama mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea.

Kwa kuwa yamkini mmoja wenu atapenda kujaribu, namwonya mambo matatu. La kwanza, asitumbukize kalamu kuukuu katika maji ya moto: zile za mpira mgumu hugeuka rangi, nyeusi ikawa ya kahawia, wala asiipashe kalamu motoni, maana ziko zilizotengenezwa kwa seluloidi, nayo hushika moto upesi mno. La pili, asiisafishe kwa spiriti, kwa sababu spiriti hula miili ya baadhi ya kalamu hizi; maji ya kawaida na subira vyatosha. La tatu, asitie wino wa masizi, ule wa wachoraji. Wino ule wafaa tete na nibu za kuchovya, lakini ndani ya vijifereji vya ulimi huganda, na kalamu huziba.

Basi, kalamu ya baba ikaandika, lakini ikakwaruza. Mistari mingine ilipiga kelele kama ukucha juu ya ubao, na mingine ilitoka nusu. Nikaitazama ncha kwa kioo cha kukuzia, nikaona imelika upande mmoja, imekuwa mshazari. Nikasema moyoni, "Hii ndiyo kasoro yake." Tena nalikuwa nikitamani ncha bapa, ya kuandikia majina ya watoto katika vyeti vyao. Nikatwaa kinoo kilicho laini kabisa, nikakilowesha maji, nikaisugua ncha juu yake kwa mkono mwepesi, nikiizungusha kwa mfano wa tarakimu 8. Katika kalamu za bei kubwa, kwenye ncha huwekwa chembe ya madini magumu, na kuisaga ni kazi ya saa nyingi. Nibu hii ilikuwa chuma kitupu. Robo saa ilitosha. Nilipojaribu, iliteleza kama mtumbwi penye maji matulivu, mistari ya kushuka minene, ya kukingama myembamba. Nikajiona fundi.

Hata Jumapili ile nikaenda kumtazama mama. Mama yangu hakusoma. Lakini liko daftari la ukoo ambalo baba aliandika siku za kuzaliwa kwetu sote, na tangu alipokufa hapana aliyeliendeleza. Siku zile dada yangu alikuwa amejifungua. Mama akaniambia, "Mwanangu, mwandike mtoto huyu kwa kalamu ya babu yake." Akavuta kigoda, akaketi karibu nami, akafumba macho. Nikaandika jina la mtoto, na siku, na mwezi, na mwaka. Mama akakaa kimya akingoja. Kisha akauliza, "Umeanza?"

Nikamjibu, "Nimekwisha maliza, mama."

Akafumbua macho, akasema, "Hailii. Kalamu ya baba yako ilikuwa ikilia. Usiku wa mshahara nalikuwa nikilala nanyi, ninyi mkiwa wadogo, nikiisikia inalia mpaka usingizi unanichukua. Nikizinduka nisiisikie, nalijua amesinzia juu ya meza, nikaenda kumwamsha." Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliiomba kalamu, akaigeuzageuza mkononi, akanirudishia, akaenda kutazama chungu chake.

Nikabaki peke yangu na daftari. Nikafunua kurasa za nyuma, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakilipita miaka yote. Maandishi ya baba yote yana mshazari mmoja: mistari ielekeayo kulia ni myembamba kama uzi, na mahali pengine karatasi imekwaruzika. Nikakumbuka jinsi alivyoketi. Meza yetu ilikuwa ndogo, na taa ilihitaji nafasi yake, kwa hiyo aliliweka daftari upande, akaandika mkono umepinda. Chuma kilisuguana na karatasi kwa miaka thelathini na zaidi, kikalika kidogo kidogo, mpaka kikachukua umbo la mkono wake na la meza yetu na la taa yetu. Nilichokiita kasoro kilikuwa ni alama yake. Nami nalikiondoa kwa robo saa, na chuma kilicholiwa na kinoo hakirudi.

Jambo jingine nalilijua baadaye, nalo lilinichoma zaidi. Katika kalamu za Osmiroid, nibu na ulimi wake ni kipande kimoja chenye parafujo. Waweza kukizungusha kwa vidole kikatoka kizima, ukatia kingine mahali pake. Wala si vya kampuni ile tu. Huko Camden, katika New Jersey, Marekani, ilikuwako kampuni ya Esterbrook, iliyoanza kutengeneza nibu za chuma mwaka 1858. Baadaye nayo ilitengeneza kalamu za bei ndogo zenye nibu za kufungua, za namna nyingi, kila moja na nambari yake: 2668 ni ya maandishi ya kawaida, 9128 ni nyembamba na hukubali kupindika kidogo. Parafujo yake ni ya kipimo kile kile, hata nibu ya Mmarekani huingia katika kalamu ya Mwingereza. Basi ningaliweza kuitoa nibu ya baba, nikaifunga katika karatasi, nikatia nyingine ya kusaga kama nipendavyo. Lakini nalikuwa na haraka ya kuonyesha ufundi kabla ya kujifunza.

Tangu siku ile nimejiwekea desturi. Kilichokufa nakitengeneza bila hofu, kama mfuko uliooza, au kishikio kilichoshika kutu, au ulimi ulioziba. Hivyo si mkono wa mtu. Lakini nibu iliyokuja na kalamu siisagi. Naitoa ikiwa yatoka, naihifadhi, na kinoo changu nakitumia kwa nibu mpya au kwa zile za mnadani zisizo na mwenyewe. Kwa njia hii nimepata ncha bapa mbili na ya mshazari moja, nazo ndizo niandikiazo vyeti. Tena mzee anaponipa kalamu yake, kwanza naifufua, kisha namrudishia na kipande cha karatasi, nikamwomba aandike mstari mmoja, lo lote apendalo.

Mwaka jana nalikwenda kwa mwalimu mmoja aliyestaafu zamani. Mikono yake yatetemeka. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Kalamu yako imepona." Akaishika, akakaa kitambo, kisha akaandika majina ya darasa lake la kwanza, kumi na moja, bila kusita hata kwa moja. Alipomaliza akacheka, akasema mkono umesahau kijiko lakini haujasahau kalamu. Karatasi ile nimeizungushia kalamu yake koponi. Mzee huyo sasa hayuko.

Basi, rafiki yangu uliyeniuliza faida, hili ndilo jibu langu. Kwa fedha hazina faida. Zote 23 hazitanunua mbuzi. Lakini kila moja imelika kwa namna ya mtu fulani, na mtu huyo hapatikani dukani.

Nanyi wasomaji, kama mnayo kalamu ya mzazi katika sanduku, msiitupe, wala msiwape watoto waichezee, wala msiipeleke kwa fundi mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi. Ikiwa mwenyewe angali hai, mpeni karatasi leo aandike, nanyi kaeni karibu msikilize. Kalamu ya baba sasa nimeirudisha kwa mama, nayo hutoka sandukuni pale tu azaliwapo mtoto katika ukoo wetu. Ninapoandika, mama hukaa karibu nami kama zamani. Kwa kuwa kalamu hailii, mimi hulisoma jina kwa sauti huku nikiliandika, herufi kwa herufi, ili ajue ya kuwa kazi inaendelea.