Usifiche Shida ya Mkojo

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima wa Korogwe. Nikiona mbuzi anajikamua bila kutoa mkojo, namwambia mwenyewe hapo hapo. Lakini baba yangu mzazi alipata shida hiyo hiyo, nami nikanyamaza. Nakueleza ili wewe usifanye kosa langu.

Baba anakaa kijijini kwetu, wilaya ya Handeni. Umri wake umepita miaka 70. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilikwenda kumsaidia kupalilia mahindi. Mwanangu wa miaka saba alilala chumba kimoja na babu yake. Asubuhi aliniambia, "Baba, babu halali. Anatoka nje, anarudi, anatoka tena."

Nikamwuliza, "Mara ngapi?" Akaonyesha vidole sita.

Nikaanza kuangalia. Baba alikuwa amepunguza kunywa maji, hata kwenye jua kali. Aliacha kwenda mikutano ya kijiji. Msikitini alikwenda kwa shida, kwa sababu mkojo ulidondoka baada ya kutawadha. Tena alipoinua gunia alishika kinena. Hapo palikuwa na uvimbe. Uvimbe huo ulitoka akisimama, ukarudi ndani akilala. Niliyaona yote hayo. Lakini kwetu mtoto hamwulizi baba yake mambo ya namna hiyo. Niliona haya, naye aliona haya. Nikarudi kazini.

Wakati wa vuli nilipigiwa simu usiku. Baba alikuwa hajakojoa tangu asubuhi. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona akilia. Alikuwa amekunywa dawa ya mizizi, haikusaidia. Tulikodi gari tukampeleka hospitali. Huko aliwekewa mpira wa mkojo. Mkojo uliotoka ulizidi lita moja. Baba alishusha pumzi, akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Asubuhi daktari alitueleza. Chini ya kibofu cha mkojo kila mwanamume ana tezi. Inaitwa tezi dume. Njia ya mkojo inapita katikati yake. Kwa kijana, tezi hii ni kama ndimu ndogo. Mtu akizeeka, tezi hukua. Ikikua huibana njia, kama mtu anayekanyaga mpira wa maji bustanini. Mkojo hutoka kidogo kidogo na kukatika. Kibofu hakiishi mkojo. Ndipo mzee huanza kujikamua.

Na ule uvimbe wa kinena? Ulikuwa ngiri. Nyama za kinena za mzee hulegea. Akijikamua kila siku, utumbo husukumwa na kupenya hapo. Kwa hiyo daktari alianza na mkojo. Alisema akishona ngiri kwanza, na mzee akaendelea kujikamua, ngiri inaweza kurudi. Baba alipasuliwa tezi. Baada ya miezi mitatu akapasuliwa ngiri.

Wazee wengi huogopa kisu. Sikiliza habari hii ya jirani zetu. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa mashariki ya Uganda. Wanaume 302 wenye ngiri walipasuliwa na kushonewa kipande cha wavu. Wengine waliwekewa wavu wa bei kubwa. Wengine waliwekewa wavu wa namna ya chandarua, uliosafishwa kwa kuua vijidudu. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliofuatiliwa, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu. Lakini hiyo ni kazi ya daktari. Chandarua chako kiache kitandani.

Ndugu mzee, shika mambo haya:

Ukiamka usiku mara nyingi, au mkojo ukitoka kwa kujikamua, nenda zahanati mapema. Wengine hupewa vidonge tu. Tezi kukua si lazima iwe saratani, lakini dalili zinafanana. Vipimo ndivyo vinavyotenganisha.

Mkojo ukiziba kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ngiri haiponi kwa dawa ya kunywa. Ikigoma kurudi ndani, ikauma, nawe ukatapika, usingoje kesho. Utumbo umebanwa na unaweza kuoza.

Usichanganye ngiri na busha. Busha ni maji yanayozunguka korodani. Katika mkoa wetu wa Tanga mara nyingi huletwa na minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu. Usikubali mtu atoboe uvimbe wowote nyumbani.

Nawe kijana, kama huwezi kumwuliza baba yako, mtume mzee wa rika lake. Au msikilize mjukuu. Mwanangu alisema kweli siku ya kwanza. Mimi mwenye cheti cha kilimo nilikaa kimya kutoka masika hadi vuli, na baba karibu anifie.

Sasa baba anakunywa maji na kulala usiku. Mikutanoni hukaa mbele. Mzee mwenzake akitoka nje mara ya pili, baba humfuata taratibu. Humwuliza, "Bwana, mkojo unatoka vizuri?" Wawili amekwisha kuwapeleka zahanati.