Salamu ya Mjomba

Nikiwaambia watu kwamba nimekulia jirani na Ulaya, hucheka. Lakini ni kweli. Wilayani Kilosa kuna kata inaitwa Ulaya, na kwetu Zombo ni kata jirani. Utani huo nilikwenda nao chuoni, Kampasi ya Solomon Mahlangu pale Mazimbu, Morogoro, na ndio niliotegemea uniokoe siku tulipofanya sherehe ya wanafunzi kutoka nchi mbalimbali.

Kila nchi ilipewa meza yake. Waganda walileta matoke. Sisi wenyeji tulikuwa na pilau, ngoma ya kukodi na vitenge vya kuazima. Mimi nilipangiwa kupokea wageni, kazi niliyoiona nyepesi: tabasamu, karibu, chukua soda.

Akaja dada mmoja kutoka Durban, aliyekuwa kwetu kwa muhula mmoja. Akanisalimia kwa lugha yake, nadhani ili nibabaike kidogo.

"Sawubona."

Mdomo ukajibu kabla sijafikiri: "Yebo, sawubona."

Akashangaa. Nimejifunza wapi Kizulu? Sikuwa nimejifunza popote. Lile lilikuwa neno la mjomba wangu. Tulipokuwa wadogo, akirudi shambani na jembe begani, alitusalimia hivyo, nasi tukamjibu kama alivyotufundisha, tukidhani ni maneno ya kuchekesha watoto aliyoyatunga mwenyewe. Nilichojua ni kwamba ujanani aliwahi kuwa saidia fundi "huko Morogoro". Wapi hasa Morogoro, sikuwahi kuuliza.

Dada akaniomba nimpeleke makaburini. Hapo ndipo nilipoona aibu. Mwaka wa pili ule nilikuwa nayapita makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini nikikimbilia vipindi, na sikuwahi kuingia hata mara moja. Njiani nikamwaga nilichokariri: kwamba baada ya Soweto, 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao; kwamba Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu wajenge shule; kwamba shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22; kwamba mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania. Nilieleza vizuri, kama niko kwenye mtihani.

Yeye hakueleza kitu. Aliyasoma majina kwa sauti, jiwe kwa jiwe, akiyatamka kama yanavyotamkwa kwao. Mimi ningeyaharibu. Baadhi ya waliolala pale walikuwa na umri wetu. Walikuja kusoma, kama sisi.

Nikampigia mjomba, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mjomba. Ulipokuwa Morogoro, ulijenga wapi?"

"Marahaba. Mazimbu. Kwani wewe unasoma wapi, si humo humo?"

Alijua siku zote. Alidhani na mimi najua. Nikamwambia niko na mgeni, nikamsogezea dada simu. Dada akasema "Shikamoo, mjomba" kwa Kiswahili chake kipya, na kule Zombo mzee akajibu "Sawubona, mwanangu." Wakacheka wote wawili, kisha mjomba akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Muulize," akasema, "kuna kijana wa kwao nilikuwa nachanganya naye zege. Alisema wakishinda ataniandikia. Muulize kama alifika nyumbani."

Akataja jina. Nikatafsiri. Dada akanieleza polepole kwamba jina hilo huenda halikuwa la kweli. Wengi wa waliokuwa uhamishoni walitumia majina ya bandia, ndugu zao waliobaki nyumbani wasije wakasumbuliwa na polisi. Sikujua nimwambieje mjomba. Nikamwambia tutatafuta.

"Haya," akasema. "Mpe chakula mgeni." Akakata.

Dada alikuwa ameshaliandika jina kwenye simu yake. Akaniomba nilitamke tena, kama mjomba alivyolitamka, halafu akarudi kwenye safu ya kwanza ya makaburi. Kutoka uwanjani tukasikia kipaza sauti kikituita kwenye picha ya pamoja. Mimi nikaanza kusoma kutoka upande wa pili.