Tapeli Anayeanza na Shikamoo

Sisi watu wa mjini tukisikia mtu katapeliwa kwa simu tuna jibu letu moja: mshamba huyo! Tunacheka, tunamsimulia mwenzetu kwenye daladala, safari inaendelea. Tangu nilipokwenda Endabash jibu hilo limekuwa likinisumbua. Kwanza si kweli. Pili, naona linamsaidia sana tapeli.

Kwa wale wanaoijua Karatu kama mahali pa kunywa soda kabla ya kupanda Ngorongoro kuona wanyama, Endabash ni kata ndani ya wilaya hiyo hiyo, ila magari ya watalii hayana shughuli nayo. Ni kwa wakulima, wengi wao Wairaqw, watu wa mahindi, maharage na mbaazi. Ukitaka benki unakwenda Karatu mjini, na hiyo ni nauli na siku nzima ya kazi. Kwa hiyo benki ya watu ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania 2008, mitandao mingine ikafuata na huduma zake, na leo mnunuzi wa mbaazi anaweza kulipa gunia zote bila mkulima kushika noti hata moja.

Huko nilizungumza na mama mmoja. Jina silitaji, aliniomba hivyo. Alikuwa ameuza mbaazi na pesa ilikuwa kwenye simu, shilingi 380,000. Siku ya pili akapigiwa. Sauti ya kijana, Kiswahili kizuri, na neno la kwanza lilikuwa "Shikamoo mama." Akajitambulisha kuwa anapiga kutoka makao makuu ya mtandao, kwamba laini ya mama haijahakikiwa na itafungwa saa kumi jioni pamoja na salio lake.

Mama aliniambia kitu ambacho sijakisahau: alisimama. Alikuwa amekaa anachambua maharage, akasimama wima kumsikiliza, kwa heshima ya ofisi.

Kijana akamwongoza. Mama, bonyeza hapa, sasa bonyeza moja. Weka namba ya usajili nitakayokutajia. Vizuri mama. Sasa weka namba ya uhakiki, tatu, saba, tano, sifuri, sifuri, sifuri. Litatokea jina la afisa wetu, usishtuke. Malizia kwa namba yako ya siri, lakini usinitajie mama, hiyo ni siri yako!

Mmeona hapo? "Namba ya usajili" ni namba ya simu ya anayepokea pesa. "Namba ya uhakiki" ni kiasi, shilingi 375,000, na kilichobaki ni cha makato. "Afisa" ndiye mwenye laini inayopokea. Na ile nasaha ya mwisho, usinitajie namba yako ya siri, ndiyo iliyomtoa mama wasiwasi wote. Maana tangazo analolisikia redioni kila siku linasema usimtajie mtu namba ya siri, na yeye kweli hakumtajia mtu.

Sasa niambieni, hapo ujinga uko wapi? Mama huyu alitii onyo alilopewa. Hakuna mtambo uliovunjwa wala mtaalamu wa kompyuta aliyehusika. Tapeli alitumia tabia njema tuliyofundishwa wote: kuitikia salamu, kumsikiliza mtu wa ofisini mpaka amalize, kutomkatia mkubwa simu. Akaongeza haraka ya saa kumi jioni, basi.

Na wasomi je? Sisi tunapokea ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wapo wapangaji wenye digrii waliotuma kodi kwa sababu siku hiyo walikuwa wanadaiwa kweli. Wapo wazazi waliopigiwa kwamba mtoto kaanguka shuleni, yuko njiani kupelekwa hospitali, tuma haraka. Ni mzazi gani anakaa kuchambua hapo? Wenzetu Kenya wana mji wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ambao umepata sifa mbaya nchi nzima kwa wizi wa laini za simu, na walioibiwa wamo watu wa Nairobi wenye akaunti nono.

Mtu atauliza, si tulisajili laini kwa alama za vidole? Ni kweli. Zoezi lilianza Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Lakini fikiria kijana wa mwavuli anayemwambia bibi, "mashine imegoma, weka kidole tena." Kidole cha pili kinaweza kusajili laini ya pili, kwa jina la bibi, na laini hiyo ikaenda kufanya kazi mkoa mwingine. Ndiyo maana ipo *106#, ya kuangalia ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hebu jaribu leo.

Kinga yenyewe haihitaji elimu kubwa. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imekuwa ikirudia kwamba mtoa huduma humpigia mteja kwa namba 100 tu. Ukipigiwa kwa namba ya kawaida na mtu wa "makao makuu", kata, kisha piga 100 wewe mwenyewe uulize. Kama laini ina tatizo kweli watakwambia. Ukiambiwa pesa imeingia kwako kwa makosa, usiamini ujumbe, angalia salio. Hata kama imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako, mwambie aliyekosea awasiliane na mtandao wake. Na mtu yeyote akikuongoza cha kubonyeza huku bado yuko hewani, huo peke yake ni ushahidi wa kutosha.

Lakini nirudi kwenye kicheko chetu. Nilimuuliza mama aliripoti wapi. Hakuripoti. Wiki tatu hakumwambia hata mwanawe anayefanya kazi Arusha, kwa sababu alijua ataambiwa nini. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, tunayo namba 15040 ya kupeleka namba za matapeli, lakini vyote hivyo vinasubiri mtu aseme "nimeibiwa". Wiki tatu zile namba ya yule kijana ilikuwa hewani, na sidhani kama alikuwa amekaa bure.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wiki hii ukimpigia mama, baba au shangazi kijijini, usimhutubie kuhusu teknolojia. Mwambie mawili tu. La kwanza, kumkatia simu mtu wa "ofisini" si utovu wa adabu. La pili, ikitokea ameibiwa akupigie wewe kwanza, saa hiyo hiyo, na hutamcheka. Hilo la pili ulimaanishe kweli.

Nawasilisha.