Klorokwini na damu inayoganda

Jamani, mnaikumbuka klorokwini? Mama yangu hajasahau uchungu wake wala ule muwasho. Tanzania iliacha kuitumia kama tiba kuu ya malaria mwaka 2001.

Saratani, hasa ya kongosho, huifanya damu igande hovyo. Bonge likifika kwenye mapafu, linaweza kuua. Mwaka 2018 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walieleza jinsi chembe nyeupe zinavyotupa nyuzi kama nyavu, damu ikanasa na kuganda. Kwa panya, klorokwini ilipunguza kuganda huko. Kwa wagonjwa walitumia ndugu yake, haidroksiklorokwini, na waliopata mabonge ya damu wakawa wachache, ingawa tofauti hiyo haikuthibitika kitakwimu.

Mimi napata matumaini. Ila msikimbilie duka la dawa! Haijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Mgonjwa wa saratani akivimba mguu mmoja au akikosa pumzi ghafla, muwahisheni hospitali.