Nta ya Tabora

Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya, Februari 1977, watu walizungumzia ndege, malori na watalii. Habari ya nta haikumshughulisha mtu. Sisi wa karakana ya kusubu chuma, Chang'ombe, Dar es Salaam, tuliionja mapema: nta ngumu ya karnauba tuliyoipaka kwenye kalibu kabla ya kumimina epoksi ilikuwa ikitoka Nairobi.

Nieleze kazi yenyewe. Chuma humiminwa katika mchanga, na mchanga hupewa umbo kwa modeli. Modeli za mninga ziliumuka kwa unyevu na kulika kona. Ya epoksi haijali maji. Basi fundi alichonga moja ya mti, kubwa kuliko kifaa kwa yapata milimita 10 kila mita, maana chuma hunywea kikipoa. Akaizungushia plasta, na ndani ya plasta hiyo tukamimina epoksi.

Tatizo ni kwamba epoksi ni gundi. Tena hainywei sana inapoganda, kwa hiyo haijibandui yenyewe, na plasta haikunjiki. Vijana wa leo wanaotumia kalibu za silikoni wamesamehewa mengi. Fundi wetu, mzee wa Kimakonde tuliyemwita Babu, alihakikisha kila ukuta wa modeli umelazwa kidogo. Plasta aliianika mpaka ikakauka kabisa, akaziba vitundu vyake kwa shelaki, ndipo akapaka nta na kuisugua, safu juu ya safu.

"Pitisha kidole, mwanangu. Kikikwama, na modeli itakwama."

Nta ya Nairobi ilipokwisha, Babu aliagiza ya nyuki kutoka Tabora, akailainisha kwa tapentaini. Iling'aa vizuri. Lakini ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ilhali karnauba huvuka 80, na epoksi ikishachanganywa na kigumishi hujipasha moto yenyewe. Ukimimina nene katika joto la Dar, kopo hutoa moshi. Nta ikiyeyuka, epoksi inaishika plasta. Kwa hiyo tulimimina alfajiri, tabaka nyembamba, tukangoja ipoe na kuanza kushika ndipo tuongeze. Meneja alilalamika kwamba kazi inachelewa. Babu alimwitikia "Naam, bwana," akaendelea vilevile.

Chini ya kalibu alikuwa ameacha tundu, akalifunika kwa kipande cha nta. Epoksi ilipokomaa alichomeka hapo mpira wa pampu ya baiskeli, akanikabidhi pampu, mwenyewe akigongagonga kabari za mbao ukingoni. Hewa ikapenya, pakasikika mlio mfupi, modeli ya kifuniko cha pampu ya maji ikanyanyuka. Juu yake mistari ya brashi ya shelaki ilionekana yote.

Babu akaipima kwa rula yake ya kusubia, ile ambayo sentimita zake ni ndefu kidogo kuliko za dukani, akaandika namba kwa rangi nyekundu. Kisha akaniambia niifute kalibu na kuipaka nta upya, kwani wenye pampu walitaka vifuniko viwili viwili.